Msajili wa Ndooni

Kwa heshima na taadhima, naomba kuutangazia umma kwamba kwa muda wa wiki tatu nilishika wadhifa wa Msajili Mkuu wa Vyuo Vyote, vikubwa kwa vidogo. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya shangazi, kati ya gunia la mkaa na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Vazi langu la kazi lilikuwa ndoo ya plastiki, kichwani.

Msiidharau ndoo. Ukiongea ndani yake unaacha kuwa msichana wa kidato cha tano aliye likizo, unakuwa mzee wa miaka sitini mwenye kitambi. Siri hii niliigundua bwenini, siku "mkuu wa shule" alipotangaza mapumziko ya ghafla kupitia dirisha la bafu. Nilifyeka nyasi mwezi mzima.

Uteuzi wangu, hata hivyo, ulikuwa halali. Shangazi alikuwa karani wa chuo kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafishwa, na kila Jumamosi huwakusanya sebuleni vijana waliomaliza shule na wanaosubiri vyuo. Anawafundisha kujaza fomu bila kufutafuta, kusoma barua ya chuo mpaka yale maandishi madogo ya chini, kunyoosha mkono na kuuliza swali mbele ya watu mia tatu. Na kupokea simu.

"Simu ya chuo hupokei umekaa," husema. "Simama. Ukisimama wewe, na sauti inasimama."

Mimi nilipewa kazi ya kumpigia kila mmoja mara moja, kama mazoezi, nikijifanya msajili. Ndoo niliiongeza mwenyewe. Laini za zamani, ambazo hakuna aliyezijua namba zake, nilizikuta kwenye droo, nikawa nazibadilisha. Na ile mara moja ikazaa. Kijana mmoja nilimwuliza namba ya kiatu chake, kwa matumizi ya maktaba. Dada Nesi alinikubali kabisa: alisimama jikoni akaimba wimbo wa shule beti mbili, ili kuthibitisha mapafu.

Lawama zote zilimwangukia Spika, mwenzao ambaye akinong'ona wanasikia mtaa wa pili. Alikana mpaka akachoka. Mimi nilimhurumia sana, kimyakimya.

Nesi ni binti wa mwisho wa shangazi. Aliitwa hivyo tangu siku alipofunga bandeji mguu wa meza. Aliomba chuo kimoja tu, cha uuguzi, akawekwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Barua ilisema nafasi ikipatikana atapigiwa simu, siku yoyote, na akikataa inakwenda kwa anayefuata. Barua hiyo haikutoka mkononi mwake.

Jumamosi ile, saa tano kasoro, vijana wanne walikuwa wamebanana kwenye kochi. Spika alikuwa hajafika. Shangazi alikuwa anaimba peke yake huku akigawa karatasi. Tangu Alhamisi alikuwa na furaha isiyoelezeka, na suti yake ya kijivu ya kazini ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango, imepigwa pasi mpaka inakata. Ukimwuliza, anakujibu ni mambo ya watu wazima.

Simu ya Nesi ikaita. Namba ngeni. Akasimama kwa mazoea, akasikiliza, kisha akatukonyeza.

"Aa, shikamoo mheshimiwa! Leo niimbe beti ngapi? ... Nafasi? Hiyo nafasi kampe bibi yako. Sikitaki chuo chako, na wewe mwenyewe sikutaki!"

Akakata. Kochi zima likapiga makofi. Hata mimi nilipiga makofi, ndipo nikagundua kwamba mikono yangu yote miwili ipo, na ndoo nimeikalia.

Kabla sijameza mate, mlango ukafunguka. Spika akaingia na benchi begani.

"Hodi! Samahani mama, nimechelewa, hili benchi la jirani lina mguu mbovu..."

"Simu yako iko wapi?" Nesi akamwuliza.

"Kwa fundi. Tangu jana. Kioo kimepasuka. Kwani vipi?"

Nesi alikaa chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja kiti.

Shangazi alimnyang'anya simu, akapiga namba ile. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Saa ya ukutani, ambayo siku zote hatuisikii, ilianza kugonga kama seremala. Saa tano na robo. Saa tano na nusu. Nesi hakulia. Alikuwa anaiviringisha ile barua yake kidogo kidogo, kama bandeji.

Mara ya kumi na kitu, ikapokelewa. Shangazi akaweka spika ya simu, akasimama. Sote tukasimama.

"Ofisi ya usajili," ikasema sauti nzito. Naapa, ilikuwa sauti yangu tupu.

Shangazi akajieleza kwa adabu zote za ukarani. Msajili akakohoa.

"Mama, binti yako ameniambia nafasi nikampe bibi yangu. Bibi yangu ni marehemu. Nimeandika 'amekataa', na saa sita orodha inakwenda kwa mkuu wa chuo."

"Ni utani, mheshimiwa. Kuna mtu amekuwa akiwapigia watoto hawa akijifanya wewe."

"Kila mwaka naletewa hadithi ya mtani. Huyo mtani yupo hapo? Niongee naye."

Macho yote yakamgeukia Spika.

"Si mimi! Haki ya Mungu si mimi!"

"Spika, nakuomba," Nesi akasema. "Sitakasirika. Sema tu ni wewe."

Spika alimtazama. Kisha akasukuma benchi kando, akainamia simu. "Ni mimi, mheshimiwa."

"Hebu itoe hiyo sauti."

Spika akajikusanya, akavuta pumzi. Kilichotoka kilikuwa mbuzi mwenye mafua.

"Huyo hamdanganyi mtu," akasema msajili. "Mama, nina kazi nyingi. Siku njema."

Nilikuwa na sababu mbili za kunyamaza. Ya kwanza ni woga wa kawaida, ambao nimeuzoea. Ya pili ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango. Saa sita kasoro dakika nane. Bandeji ya Nesi ilikuwa imebaki nyembamba kama kidole.

"Subiri, mheshimiwa!" nikapiga kelele, nikaivaa ndoo. "Halo. Hapa ni ofisi ya Msajili Mkuu. Binti, thibitisha mapafu yako. Wimbo wa shule, beti mbili, ukiwa umesimama."

Ndani ya ndoo unasikia moyo wako tu, na harufu ya sabuni.

"Lo," ikasema simu hatimaye. "Mpe huyo binti."

Nikamsikia Nesi: "Ndiyo, mheshimiwa. Naitaka. Nisamehe kwa bibi. Jumatatu saa mbili, na vyeti halisi. Nitakuwepo." Sauti yake ilikuwa imesimama wima. Halafu vigelegele, benchi likaanguka, na Spika akaanza kunieleza mimi ni mtu wa aina gani, mtaa wa pili wakasikia.

Mimi nilibaki ndani. Kulikuwa salama zaidi. Kisha kidole kikagonga ndoo, mara tatu. Nikaivua.

Shangazi hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama suti.

"Alhamisi kuna mzee alinipigia," akasema polepole. "Akaniambia chuo changu cha zamani kinanihitaji tena. Niende Jumatatu."

Shule ya bweni imenifundisha namna nyingi za kujibu bila kujibu. Nilizitafuta zote. Kisha nikasimama vizuri, kama alivyotufundisha.

"Ni mimi, shangazi. Nilitaka ucheke. Lakini ulinishukuru, ukaniita baba, sauti ikakutetemeka, nikashindwa kusema ni mimi. Nikakata." Nikaiweka ndoo chini. "Suti unaweza kuirudisha kabatini."