Mpira Uliozibwa kwa Kokwa

Wewe umewahi kutia kipande cha mpira sikioni ukasikiliza injini, namna muuguzi anavyosikiliza kifua cha mgonjwa? Zubeir, fundi wa Minago, ndivyo anavyofanya. Mashine ya kupimia hana. Ana kipande cha mpira wa bomba, chenye urefu wa mkono. Ncha moja anaitia sikioni, nyingine anaipitisha juu ya mipira midogo ya hewa inayozunguka injini, polepole, kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Palipotoboka panalia sss, na Zubeir anajua.

Asubuhi moja alikuwa ameinamia pikapu ya Melkiades, pikapu kuukuu yenye rangi ya maziwa yaliyolala, mlango wa abiria unafungwa kwa kamba. Nyuma ilikuwa imejaa bidoni, yale madumu ya mawese, za mteja wake Jovita, zimefunikwa majani ya migomba ili zisipate jua. Karakana yenyewe ni mabati machache juu ya miti, pale ambapo barabara ya udongo inatoka kwenye michikichi na kuanza kuteremka kwenda kwenye lami na ziwa.

Jovita alisimama pembeni, kitenge amekikaza kiunoni, akiogopa. Siku ya soko iliyopita pikapu ilikataa kusimama kwenye kona iliyo juu ya ziwa. Ilipita juu ya mihogo ya watu iliyoanikwa, ikasimama ilipopenda yenyewe, gurudumu moja likiwa hewani na chini yake maji. Tangu hapo, kila akifumba macho, anayaona yale maji. Akamwambia Melkiades hapandi tena mpaka Zubeir aiangalie.

Alikuwa na woga mwingine, wa zamani zaidi. Michikichi ambayo mikungu yake inatoa mawese hayo ilipandwa na baba yake, Anselmo. Mwaka wa kukimbia mauaji, Jovita alikuwa bado mtoto. Mama yake aliwapakia watoto kwenye mtumbwi kwenda upande wa Kigoma, baba akabaki kwa sababu mawese yalikuwa motoni hayajachemka sawasawa. "Tangulieni," alisema. Hakufika. Shamba lake wakubwa wa serikali ya wakati ule walimpa baba yake Melkiades, naye alipokufa akamwachia mwanawe. Jovita aliporudi kutoka kambi ya wakimbizi, nywele zimeshakuwa nyeupe, alipanga chumba karibu na barabara, akaanza kununua mawese ya michikichi ya kwao ili akayauze sokoni Rumonge. Neno la kumwambia Melkiades alikuwa nalo mdomoni tangu siku ya kwanza. Lakini akilisema, nani atamuuzia mawese? Na bila mawese atakula nini? Basi kila wiki alilimeza pamoja na chai.

"Patron," Zubeir alimwita Melkiades kutoka chini ya boneti, "hii mpira ya sarvo nani aliichomoa?"

Sarvo ni lile dude la duara, mfano wa sufuria yenye mfuniko, linalosaidia mguu wa dereva kukanyaga breki. Linavutwa na hewa ya injini kwa mpira mmoja mnene. Mpira huo ulikuwa umechomolewa, na ncha yake imezibwa kwa kokwa la chikichi, kisha ikazungushiwa kamba ya tyubu ya baiskeli na kufungwa vizuri, kama kitovu cha mtoto mchanga.

"Miye," alisema Melkiades.

"Watu wanaziba na msumari, na kipande cha kandambili. Kokwa ni leo ninaona. Na breki unafunga na nini?"

"Iko miguu."

"Miguu gani? Hiyo? Hata kuku haiogopi ukimukanyagia chini."

Zubeir alifungua kamba, akalitoa kokwa kwa koleo, akauchomeka mpira mahali pake. "Washa. Kanyaga."

Melkiades aliwasha, akakanyaga. Pedali iliteremka laini. Kutoka chini yake, pale penye vumbi na maganda ya karanga, ikatoka pumzi ya mtu mwenye pumu, ndefu, yenye mluzi ndani yake. Halafu sauti ya mzee ikauliza:

"Nani anakata mikungu yangu?"

Zubeir alichomoa kipande cha mpira sikioni, akakipangusa kwa kitambaa. "Hii mpira inavuta, haitoi," alisema, kwa sauti ile ile anayosemea plagi zilizochafuka. "Lakini kuna muzee anasema. Kanyaga tena."

Jovita aliujua ule mluzi. Utotoni alikuwa akiusikia asubuhi kabla jogoo hajawika, na kwa mluzi huo alijua baba yupo. Alijikokota hadi dirishani, akaingiza kichwa.

"Baba, ni mimi. Jovita."

Melkiades alikanyaga kwa sababu mguu ulikuwa unatetemeka.

"Mawese bado, Jovita," ilisema sakafu. "Tangulieni."

Kisha mguu ukaruka tena, na mzee akauliza tena nani anakata mikungu yake. Melkiades alizima injini. Jasho lilikuwa limemfikia kwenye kola.

"Gari inalala chini ya michikichi," alimwambia fundi. "Inavuta hewa ya pale. Kila kona ninakanyaga, kila kona ananiuliza. Mubuzi ikikatisha barabara, ananiuliza. Miye nimujibu nini? Nikamuziba."

"Ungemujibu jina yako," alisema Zubeir.

"Ziba, fundi."

"Zubeir mwanangu, usizibe," alisema Jovita. "Tutakufa pale kwenye kona."

"Gari ni ya nani, mama?" aliuliza Melkiades. Hakumtazama.

Jovita alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, juu ya ulimi, na aliusikia uzito wake. Akaziangalia bidoni zake, zote zimeshapakiwa. Akafikiria wiki ijayo.

"Ni yako," alisema.

Zubeir alilirudisha kokwa, akafunga kamba. Aliwaambia wateremke na gia ya kwanza, wasiiache. Halafu akawaaga kwa kuwashika mkono mmoja mmoja, namna watu wanavyoagana baada ya maziko.

Hakuna kilichobadilika baada ya siku hiyo, nikwambie mapema. Mikungu ilikatwa msimu ule na msimu uliofuata, na aliyeikata ni Melkiades. Pikapu inateremka mpaka leo, na wanaoanika mihogo wakiisikia wanakunja mikeka yao.

Siku hiyo waliteremka kama fundi alivyosema. Gia ya kwanza ililia, ikaruka, ikakataa kurudi. Bidoni ziligongana nyuma. Melkiades alisimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili, kichwa kimegusa paa, na pedali haikusogea. Waendesha baiskeli wenye mikungu walijitupa mtaroni. Mbele yao kona ilifunguka, na ziwa likaonekana lote, mpaka milima ya Kongo.

"Shika, mama!" alipiga kelele Melkiades.

Jovita hakuwa na pa kushika. Alikuwa na hofu mpaka kwenye meno. Lakini aliona jambo moja waziwazi, na akaligeuzageuza kwa utulivu: mtu huyu sasa hawezi kusimamisha gari amshushe.

"Melkiades," alisema, "shamba lile ni la baba yangu. Nataka kurudi nyumbani."