Viatu vya Kumtosha Mumbua

Warsan alikuwa ameshazunguka Soko Mugdi la Garissa mara tatu, na kwa mwanamke mwenye goti bovu hiyo si mizunguko ya kujifurahisha. Wachuuzi waliomjua kama mama wa anjera, ile mikate laini ya Kisomali, kutoka mtaa wa Waberi walianza kumtupia macho. Muuza sufuria mmoja alimuuliza kama amepotelewa na mtu. Akasema la, natafuta zawadi ya mtoto. Ya Krismasi hakusema.

Alikuwa amekosea kumwambia jirani yake Ramlo asubuhi ile, na Ramlo alicheka mpaka akashika ukuta. "Warsan binti Yarrow! Nia ya kwenda hija unayo, na Krismasi nayo unaitaka?" Warsan alimjibu kwamba Idd iliyopita Kavata, Mkristo mzima, alimletea shash mpya ya kujifunga kichwani, na hakuna mtu aliyemuuliza amesilimu lini.

Kavata alikuwa muuguzi, mtu wa Mwingi, mpangaji wa chumba cha pili kwenye ploti ile ile aliyokaa Warsan. Alihamia akiwa na mimba, akajifungua hapa hapa, na tangu mtoto awe na miezi mitatu, kila zamu ya mama yake ilikuwa zamu ya Warsan. Mumbua sasa alikuwa na mwaka na miezi saba. Alikua kwa anjera iliyolowekwa kwenye chai ya maziwa. Neno lake la kwanza lilikuwa "Ayeyo," yaani bibi, na alilisema kabla hajasema mama. Kavata alilisamehe hilo. Warsan alilifurahia kila siku, kimya kimya, kama mtu aliyeficha halua.

Kesho Kavata na mtoto walikuwa wanakwenda Mwingi kwa Krismasi. Wangerudi tarehe tano Januari. Ndivyo alivyosema Kavata, na Warsan alitaka sana kumwamini, lakini maneno hayo alikuwa ameyasikia mara nyingi mno. Mustafe, mwanawe, alisema anakwenda ng'ambo miaka miwili tu. Sasa ni wa tisa, na akipiga simu siku ya Ijumaa huuliza hali kisha husikiliza nusu ya jibu. Sabrin, bintiye, aliolewa Elwak, akasema atakuja kila Idd. Idd tatu zimepita. Marehemu mume wake hakusema kitu, alikwenda msikitini na hakurudi kwa miguu yake. Kabatini kwa Warsan mlikuwa na vikombe sita, na alikuwa akiosha kimoja.

Kitu kimoja kilimtuliza: godoro. Wageni wanaohama Garissa moja kwa moja kila Desemba huondoka na godoro juu ya basi. Kavata alifungasha mkoba mmoja tu. Warsan aliuhesabu mkoba huo kila alipopita mlangoni, ukabaki mmoja.

Kwa hiyo alitafuta zawadi akiwa na moyo wa matumaini na mfuko mwepesi. Baiskeli ya magurudumu matatu ilikuwa nzuri, na bei yake ilikuwa ya kununua mbuzi. Gari la betri lilipiga king'ora mpaka kichwa kikamuuma. Kulikuwa na mwanasesere wa kizungu aliyefumba macho akilazwa na kuyafumbua akiinuliwa. Warsan alimwinua, wakatazamana, akamrudisha haraka na kusoma bismillahi.

Ndipo akaisikia: pii, pii, pii. Ilitoka kwenye duka la Bulle, ambaye alikuwa ameingiza mikono ndani ya viatu vidogo vyekundu na kuvitembeza juu ya meza kuita wateja. Ni vile viatu vya watoto vyenye kipira kisiginoni, vinavyolia kila mtoto anapokanyaga, ili mama aliye jikoni ajue mwanawe yuko wapi.

Warsan alisimama, goti akalisahau. Aliiona ploti yao saa za alasiri, yeye akikanda unga wa anjera za kesho, na sauti ile ikitoka kwenye bomba la maji, ikipita chini ya kamba ya nguo, ikija mlangoni kwake. Hangelazimika hata kuinua kichwa.

Kwa Kisomali, lugha ambayo hakuna mtu sokoni aliyewahi kumshinda kwa bei, alimshusha Bulle kutoka mia tano mpaka mia tatu na hamsini. Bulle alilalamika kwamba anamfungisha duka. Kisha akauliza mguu wa mtoto.

Warsan akatoa uzi aliompimia Mumbua akiwa amelala. Bulle akaunyoosha. "Hii ni namba ishirini."

"Nipe ishirini na mbili."

"Vitampwaya."

"Atakua. Anunuliwe viatu vya kumtosha leo, kwani ni bibi harusi? Mwezi wa Ramadhani vitamkaa sawasawa, na Idd atavitembelea." Hakuna mama mwenye akili anayenunua viatu vya mtoto vinavyotosha, na Bulle alilijua hilo, akavifunga.

Warsan alirudi Waberi na jua la saa saba kichwani na hakulisikia.

Langoni alikuta mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na godoro la Kavata, jiko lake la gesi na kiti cha plastiki, na mwanamume asiyemjua akivifunga kamba. Kavata alikuwa amesimama mlangoni na noti alizolipwa kwa vitu hivyo mkononi. Alipomwona Warsan, alizificha nyuma kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Mama Mustafe," alisema. "Barua ya uhamisho ilitoka Jumatatu. Wamenipeleka Makueni. Nilitaka kukwambia, kila siku nilitaka. Nikikuona umembeba Mumbua, mdomo unakataa."

Kwa Kavata, Warsan alizungumza Kiswahili chake cha sokoni, kilichojaa mabonde. "Makueni iko karibu na mama yako?"

"Karibu kidogo."

"Basi ni fizuri, sista. Ni fizuri sana. Mama yako atafurahi." Alisema hivyo huku akitabasamu, na tabasamu likamuuma mashavuni. Kisha akasema amesahau kitu sokoni.

Njiani alilia. Hakulia kwa siri wala kwa adabu. Alilia huku akitembea, na watu wakampisha wakidhani amefiwa.

Bulle alipomwona, alikumbatia kijisanduku cha pesa. "Mama, pesa sirudishi."

"Sitaki pesa. Nibadilishie. Nipe ishirini."

"Ishirini?" Bulle alimtazama. "Mama, mbona wewe mwenyewe umenifundisha kazi sasa hivi? Hivyo mwezi wa pili havimwingii tena. Ni pesa ya kutupa."

"Ndiyo."

"Mtoto atavivaa siku ngapi?"

"Mimi nitamwona akivivaa leo," alisema Warsan. "Basi nipe vya leo."

Bulle alishuka kwenye kigoda chake, akatafuta namba ishirini vyekundu, akavipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake, akampa.

Alasiri ile Warsan alimkalisha Mumbua kizingitini akamvisha. Vilimkaa kama ngozi yake. Mtoto alisimama, akapiga hatua moja, pii, akaganda. Aliangalia nyuma kutafuta ndege. Akapiga ya pili, pii, akaangalia miguu yake kwa hasira. Ya tatu akaelewa, na hapo ploti nzima ikaishiwa amani. Alikwenda bombani akarudi. Alipita chini ya kamba ya nguo. Alimfukuza paka wa Ramlo mpaka paka akapanda ukuta. Ramlo alitoka kuuliza ni kelele gani hizi, akamwona Warsan, akarudi ndani bila kutania.

Warsan alikuwa akikanda unga. Hakuinua kichwa. Alisikiliza tu.

Kavata alikaa karibu naye. "Asante, Mama Mustafe. Lakini vimemtosha kabisa. Ungechukua vikubwa, avivae mpaka mwakani."

"Fikubwa ni ya mtoto anarudi," alisema Warsan. "Huyu mimi nataka kusikia leo."

Kavata aliuweka uso wake begani kwa Warsan na kulia, na Warsan akamwacha alie, mikono yake ikiwa bado kwenye unga. Mumbua alipita mbele yao mara kumi na moja.

Kulipopambazuka tuktuk ya kuwapeleka stendi ilikuwa langoni. Warsan alitoka na anjera za njiani, bado moto, zimefungwa kwa karatasi. Mumbua alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake ndani ya leso, miguu miwili imechomoza huku na huku, na viatu vyekundu vikining'inia bila sauti. Alikataa kuvuliwa tangu jana, akalala navyo.

"Tutakuja kukutembelea," alisema Kavata.

"Inshallah," alisema Warsan.

Hakumbusu mtoto, asije akamwamsha. Alishika kisigino cha kiatu kimoja, akakiminya kwa kidole gumba. Kikalia. Mumbua hakufumbua macho. Kavata alisimama pale pale, akamgeuzia mgongo vizuri zaidi, na Warsan akakiminya tena, na tena, mpaka mwenye tuktuk akasema basi litawaacha.