Mtumbwi Namba 4417

Royce Tardiff aliuleta mtumbwi juu ya gari lake Jumamosi asubuhi, akaushusha kwenye vigogo viwili mbele ya karakana ya Delphine Ouellette. Ulimetameta kwa vanishi mpya kama sahani iliyolambwa.

"Varney halisi," Royce alisema, akiupapasa. "Mteja wangu yuko Boston, anataka karatasi yako tu. Wewe ukisema ni Varney, hakuna atakayebisha."

Hakuna aliyebisha kweli. Karakana ya Varney, fundi mitumbwi, ilifungwa kabla Delphine hajazaliwa, lakini daftari lake la mitumbwi lilikuwa kabatini mwa Delphine, na kwa miaka thelathini watu wa ziwani walimletea mitumbwi yao mikuukuu aitambue.

Alipiga magoti kwenye omo, akawasha tochi. Namba ilikuwapo, imegongwa kwenye mti wa mbele: 4417, kisha 18, urefu wake kwa futi. Chapa zilikuwa za Varney, ile saba yenye mkia uliopinda. Akachukua futi kamba, akapima kutoka omo hadi tezi.

"Kumi na sita," alisema.

"Mbao hukauka, mama. Husinyaa."

"Futi mbili nzima? Huo ni mtumbwi au soksi?"

Royce alicheka peke yake. Delphine alihesabu mataruma, zile mbavu za ndani, akayapima upana. Ya Varney yalikuwa mapana katikati, yakachongwa kwa kupungua kuelekea kingoni. Haya yalikuwa membamba, sawa mwanzo hadi mwisho. Akasogeza sumaku kwenye misumari, ikanasa. Varney alitumia misumari ya shaba tu, na shaba hainaswi na sumaku. Mwishowe alikwenda tezi. Varney aligonga namba ncha zote mbili, mara zote. Huku mti ulikuwa mtupu.

Akarudi omo, akapitisha ukucha chini ya vanishi mpaka akaupata mshono wa gundi. Mti wenye namba ulikuwa umekatwa kwa msumeno kutoka mtumbwi mwingine, ukapachikwa hapa.

Alifungua daftari. *4417. Futi kumi na nane, kijani. Harlan Pinkham, mwongoza wawindaji. Juni 1923.*

"Namba hii ni ya mtumbwi wa baba mkwe wa Leola Pinkham," alisema taratibu. "Uliuchukua kwake msimu wa mapukutiko. Mtumbwi wenyewe uko wapi?"

"Ulikuwa umeoza."

"Mimi niliutia turubai jipya miaka sita iliyopita, Royce. Uko wapi?"

Royce alitazama viatu vyake. "Kwenye kile kilabu kipya cha daraja la juu. Walitaka rafu ya chupa."

Delphine aliandika karatasi aliyoombwa: huu si Varney, omo yake imekatwa kutoka 4417. Royce aliisoma, akanyoosha mkono waagane. Delphine aliutazama ule mkono kama mtu aonyeshwaye panya aliyekufa, akaingia ndani.

Mchana alikwenda kwa Leola Pinkham, mwenye miaka themanini na minne, akamkuta anaonja maharage ya kuoka. Alimweleza yote bila kupunguza.

"Nilimpa bure," Leola alisema. "Nilimuuliza, utautia majini? Akasema, kila Jumapili, bibi. Nipeleke huko mwanangu."

Kilabuni walikuta nusu ya mtumbwi imesimamishwa wima ukutani, tezi juu, mbao zimepigiliwa katikati, wiski imepangwa mahali ambapo Harlan alikuwa akiweka nyavu. Delphine alipanda kiti. 4417, na saba yenye mkia. Mataruma aliyoyapinda upya kwa mvuke, moja moja, yalikuwa yametobolewa kwa skrubu ili taa zining'inizwe.

"Imependeza, eh?" mhudumu alisema. "Wageni hupiga picha sana."

"Mume wangu alizaliwa ndani yake," Leola alimwambia. "Mvua kubwa, wazazi wake hawakuwahi kufika ng'ambo. Futa ile bia inayotiririka pale."

Mhudumu alifuta, uso umemwiva.

Mteja wa Boston alikataa alipoisoma karatasi. Ila baada ya wiki tatu Delphine alisikia kwamba Royce amempata mwingine huko New York, mtu asiyeuliza karatasi. Siku hiyo hakumaliza chakula chake. Alipiga simu kwa kila mwenye Varney ziwani, akawataka wamletee, akaanza kuzipiga picha namba zote, omo na tezi, pamoja na sura za wenyewe, ili namba isihamishwe tena bila kujulikana.