Mti Mwembamba

Karatasi ya majibu kutoka maabara ya Beni ilikuwa na mistari kumi na minne. Kumi ya kwanza ilihusu miti ya kinkina, ambayo maganda yake hutoa kwinini, dawa ya malaria, na ambayo Godelive aliizalisha ndani ya chupa, katika maabara yake ndogo ya Bulengera. Kwinini kwenye maganda: asilimia 1.1, 1.1, 1.2, 1.1, hivyo hivyo hadi mwisho. Minne iliyobaki ilihusu miti ya zamani iliyoota kwa mbegu: 2.8, 3.9, 3.1 na 6.3.

Alipanda pikipiki kwenda Musienene saa ile ile. Sikuli, mkulima mwenye shamba la miti hiyo, alikuwa amesema atakata miti ya zamani ili apate nafasi ya miche mingine.

Miaka saba iliyopita, Sikuli ndiye aliyechagua mti mama wa kutolewa miche. Alitafuna ganda la kila mti, kama wafanyavyo wanunuzi, akatema, akaonyesha mchungu kuliko yote, mti mnene. Sampuli ilipaswa kupimwa Beni kwanza. Ulikuwa mwaka wa Ebola na barabara ilifungwa, kwa hiyo Godelive hakungoja. Hata hivyo alijua kwamba katika ganda lile vitu vichungu ni vinne, na kwinini ni kimojawapo tu, kwa hiyo ulimi hauwezi kuipima. Alikata vichipukizi vya milimita mbili, akavilaza juu ya jeli yenye virutubisho, akavigawa na kuvigawa tena hadi vikawa miche elfu mbili.

"Mama Godelive! Unakuja kuangalia batoto bako?" Sikuli alisema kwa kicheko. "Banakomea muzuri kupita bangu."

"Papa, majibu imefika. Miti ya chupa iko na asilimia moja tu ya kwinini. Mununuzi anaomba ine."

"Muti gani iko na moja?"

"Yote."

"Yote elfu mbili? Ulisemaka itafanana na mama yabo."

"Inafanana."

"Lakini ulimi yangu haikudanganya. Ule muti ulikuwa muchungu."

"Ulikuwa muchungu, Papa. Ni mimi sikungoja kupima." Akafunua karatasi. "Ule mwembamba wa kwa mufereji, wenye majani madogo, uko na sita. Unipe kichipukizi chake, nianze upya."

"Kile kikonda? Muke yangu Joyeuse alikuwa anakiita muti wa njaa. Tulikata yote ine ya zamani, mwezi moja imepita. Na mizizi tuling'oa, sababu ya kupanda yako."

Godelive alikwenda kwenye rundo la kuni za miti hiyo nyuma ya jiko. Alitoa kijiti kimoja kimoja, akakwangua ganda kwa ukucha akitafuta rangi ya kijani. Kahawia. Kahawia. Kijiti kilivunjika kikavu mkononi.

"Unatafuta nini, mama?" aliuliza Joyeuse, mke wa Sikuli.

"Kitu yenye ingali na uzima. Milimita mbili inatosha."

Joyeuse alingoja hadi kijiti cha mwisho, nacho kilikuwa kahawia. Kisha akakichukua kutoka mkononi mwake, akakisukuma motoni chini ya sufuria, kwa sababu maharagwe yalikuwa bado hayajaiva.