Mdomo wa Mzee Bashiri

Marehemu Byarugaba wa Izigo, alipoona hali imekuwa mbaya, aliwaita wanawe wawili na wazee wa ukoo, akasema maneno ambayo kila aliyekuwepo aliyasikia vizuri.

"Kibanja hiki cha migomba mtagawana nusu kwa nusu, Immakulata na Ishengoma. Ila msigawane kabla lubisi iliyomo kwenye pipa haijakomaa."

Akaomba maji, akanywa, akafa. Hakuna aliyewahi kumuuliza lubisi inakomaa lini.

Pipa lenyewe lilikuwa chumba cha nyuma. Lilikuwa la mbao ngumu zilizobanwa kwa pete za chuma, na lilifika huku zamani likiwa na divai ya misa. Byarugaba alipewa na padre baada ya kuezeka upya paa la kigango. Watu wote wa Izigo hutengeneza lubisi ya kunywa wiki hiyo hiyo, maana pombe ya ndizi ikikaa sana huwa siki. Yeye alikamua ndizi za pombe, embire, zilizoiva mpaka zikalainika, akachemsha maji yake yakawa mazito, akatia mtama uliokaangwa mpaka ukawa mweusi, akatia asali. Ilipomaliza kuchacha aliimimina ndani ya pipa, akaliziba. Alikuwa akisema anataka siku moja anywe pombe ya kwao iliyozeeka kwa heshima. Basi akaanza kuzeeka yeye.

Ishengoma, aliyekuwa na duka la vipuri vya pikipiki Bukoba mjini, alisema pombe imekomaa tangu matanga yalipoondolewa. Dada yake Immakulata, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake ya Kishanda kuvunjika na ndiye aliyekuwa akikitunza kibanja, alisema bado. Sababu zao zilijulikana mpaka sokoni. Kibanja kikigawanywa, Ishengoma angeuza nusu yake kwa mfuga kuku, na Immakulata angekuwa anaamka na harufu ya vifaranga mpaka siku ya kufa kwake.

Ukoo ulijaribu kuamua. Wazee walikaa chini ya mwenyekiti wao, Ta Byabato, wakaonja. Kikao cha kwanza waligawanyika. Cha pili walikubaliana kwa kauli moja, lakini kulipokucha hakuna aliyekumbuka walikubaliana nini. Cha tatu mzee mmoja aliimba mpaka akachukuliwa na wajukuu zake. Ndipo Ta Byabato akasema:

"Hii kesi imetushinda kwa sababu shahidi anawalewesha mahakimu. Tutafute mtu mwenye ulimi uliosomea kazi, na ambaye pombe haiwezi kumhonga."

Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Mzee Bashiri wa Bukoba alikuwa ameonja kahawa kiwandani mpaka akastaafu. Alikuwa akiivuta kwa kijiko, fyuuu, anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye ndoo, kisha anasema: hii ilianikwa chini kwenye udongo; hii ililala chumba kimoja na mafuta ya taa. Hakukosea mara nyingi. Ishengoma alimkuta barazani kwake ametoka kuswali adhuhuri, akamweleza yote.

"Mwanangu," Bashiri alisema, "mimi ni Mwislamu. Pombe sinywi."

"Ndiyo maana tumekuchagua wewe, mzee."

"Nitahukumu vipi kitu nisichokionja?"

"Kwani hakimu wa kesi za wizi, mzee, lazima awe ameiba?"

Bashiri alimkumbuka marehemu. Katika wakulima wote wa Kagera, Byarugaba peke yake ndiye aliyekuwa akipanda gari kuja kiwandani kubishana naye juu ya kahawa yake, na safari moja alimshinda. Mtu kama huyo huwezi kuacha neno lake la mwisho lining'inie.

"Nitakuja," alisema. "Ila mdomo mtautafuta wenyewe. Mimi naleta kichwa."

Kutoka dirishani sauti ya mkewe, Ashura, ikasikika: "Na mimi nakwenda. Huo mdomo wa kwake lazima uwe na mlinzi."

Siku ya hukumu watu walijaa uani Izigo kama kuna harusi. Wageni walipewa kahawa ya kutafuna, wakakalishwa. Ashura aliomba kigoda akakiweka mbele ya mumewe, karibu kabisa, akakaa akimtazama midomo. Hakugeuka hata alipopewa soda.

Mdomo uliochaguliwa na ukoo ulikuwa wa Ma Benadetha, mjane wa jirani. Alichaguliwa kwa sababu pande zote mbili zilijaribu kumpa zawadi na zote mbili alizifukuza. Tena alikuwa mtu wa kusema analoliona, tabia iliyomfanya asialikwe harusi nyingi.

Bashiri alimpa kijiko. "Utavuta kwa kelele, Ma Benadetha. Usambaze mdomo mzima. Halafu uteme."

"Niteme?"

"Uteme."

"Lubisi ya marehemu?" Benadetha aliwageukia watu. "Mnamsikia? Mimi nilimlilia Byarugaba mpaka sauti ikakauka, leo nimteme?"

Ikawa kesi ndani ya kesi. Mwishowe Ta Byabato aliamua kwamba mdomo ni wa mzee Bashiri kwa siku hiyo, lakini koo limebaki la Benadetha, kwa hiyo anaruhusiwa kumeza. Hakuna aliyekata rufaa.

Kibuyu kikaletwa kutoka chumba cha nyuma. Pombe ilikuwa nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, na harufu yake ilifika mpaka barabarani. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na mkungu wa ndizi aliutua akaingia. Benadetha alivuta. Fyuuu. Akafumba macho.

"Sema," Bashiri alimwambia.

"Kuna asali."

"Asali ya mbele au ya nyuma?"

"Ya nyuma. Mbele kuna moshi. Moshi wa jiko la mtu tajiri, sio wa kwangu." Akavuta tena. "Kuna mbao. Kama sakristia ikifunguliwa siku ya Pasaka. Kuna kitu kama ngozi, kama viatu vya mume wangu siku aliyoniposa."

"Alikuwa na viatu vizuri?"

"Aliviazima."

Bashiri aliitikia kwa kichwa taratibu kama aliyepewa majibu ya maabara. "Uchachu?"

"Upo."

"Upo wapi? Pembeni ya ulimi au kwenye ncha?"

"Kwenye ncha." Benadetha akakunja uso. Akachukua kijiko cha tatu bila kuruhusiwa. "Mzee, hapa kuna jambo. Humu ndani kuna babu na kuna mtoto mchanga. Wamelala kitanda kimoja. Babu ametulia, anaongea kwa busara. Mtoto anapiga mateke."

Bashiri aliinuka, na Ashura naye akainuka, macho yakiwa palepale kwenye midomo yake. Kahawa ya zamani iliyochanganywa na ya msimu mpya ilikuwa ikimwambia hivyo hivyo, yaani uzee na utoto ndani ya kikombe kimoja. Akaingia chumba cha nyuma, akagonga pipa kwa vidole toka chini kwenda juu.

"Ta Byabato," aliita. "Mmekaa vikao vitatu juu ya pombe hii."

"Vitatu, na vilikuwa virefu."

"Mbona pipa limejaa mpaka shingoni?"

Ta Byabato alitazama miguu yake. "Tuliona hivyo pia, mzee. Tukadhani ni baraka."

"Nani anamimina humu?"

Immakulata akasimama, akajifunga kitenge vizuri, kama mtu anayekwenda kulima.

"Mimi," alisema. "Kila nikitengeneza lubisi mpya natia jagi. Pombe inayoongezwa changa haikomai. Nilitaka isikomae. Nimesema, nimemaliza."

Watu wakapiga kelele. Ishengoma aliruka juu kwa furaha. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe?"

"Ngoja," Benadetha akasema. Alikuwa bado na kijiko. "Sijamaliza. Nyuma ya babu na mtoto kuna mtu wa tatu. Anachoma. Ni konyagi ya kienyeji, ile inayokenekwa kule Kaagya. Naijua, imewahi kuniunguza nyusi."

Furaha ya Ishengoma ilimtoka usoni pole pole. Mvulana wa miaka arobaini na kitu, akawa anachezea funguo za pikipiki.

"Kuna mtu aliniambia," alisema mwishowe, "kwamba ukitia kali inakomaa haraka. Nikija kusalimia nilikuwa naongeza kidogo."

"Wewe!" Immakulata alimshangaa. "Kumbe ndiyo maana uliniambia unaingia chumba cha nyuma kumwombea baba?"

"Na kumwombea nilikuwa namwombea."

Basi ikajulikana kwamba kaka na dada walikuwa wakimimina kwenye pipa moja, mmoja akiivuta pombe nyuma na mwingine akiisukuma mbele, bila kukutana. Bashiri alikaa chini akapiga hesabu kichwani.

"Ya marehemu humu imebaki labda kikombe," alisema. "Hiyo nyingine yote ni ugomvi wenu."

Benadetha alilamba kijiko. "Basi ugomvi wao ni mtamu. Sijawahi kunywa kitu kama hiki toka nizaliwe."

Wazee wakataka kuhakikisha. Ta Byabato akawazuia kwa fimbo, akamtaka Bashiri aseme: imekomaa au haijakomaa? Bashiri akasema kitu kinachoshikwashikwa hakihukumiwi. Pipa lifungwe, mikono yote itoke, likae mwaka mzima, kisha yeye na mdomo wake warudi. Jambo gumu likawa ni nani wa kulifunga. Kufuli mtu anachonga ufunguo. Nta inayeyushwa. Mlinzi wa ukoo angekunywa, na mlinzi wa nje angekunywa zaidi.

Ashura ndiye aliyemaliza. Bila kuondoa macho kwa mumewe alifungua kanga aliyojitanda juu ya baibui, akamwomba Immakulata amwongoze njia kwa mkono, akaenda kulifunga pipa. Aliifunga kanga ile mafundo aliyofundishwa na bibi yake mzaa mama, mafundo ya kufungia sanduku la bibi harusi ili mawifi wasichungulie. "Mtu akiifungua," alisema, "anaweza kuirudisha. Ila mimi nitajua."

Ishengoma alikuwa haamini mafundo. Kwa hiyo kila alipopata nafasi alipanda pikipiki kuja kuikagua kanga. Immakulata naye hakumwamini Ishengoma, kwa hiyo alikaa naye chumbani akimkagua anavyokagua. Mtu hawezi kuitazama kanga kwa saa nzima bila kusema neno. Wakaanza na mvua. Wakaja kwenye ugonjwa wa migomba. Siku nyingine Immakulata alimwambia kuhusu Kishanda, mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu, na Ishengoma aliyasikiliza akiwa ameliegemea pipa. Siku hiyo alisahau kukagua mafundo, akarudi mjini, akalazimika kuja tena kesho yake.

Mwaka ulipokwisha wote wakarudi. Ashura aliyagusa mafundo moja moja, akasema hayajaguswa. Benadetha, aliyekuwa amekataa kunywa chochote tangu jana yake ili asiharibu mdomo wa mzee, alivuta kijiko.

"Mtoto amekua," alisema. "Yule wa kuchoma ameoa, ametulia. Babu amelala. Mzee Bashiri, sikupi maneno mengine. Imekomaa."

"Imekomaa," Bashiri akasema kwa sauti, na hiyo ikawa hukumu.

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Ishengoma, aliyeitaka hukumu hiyo miaka yote, alisimama akasema, "Mwonjesheni tena."

"Kwa nini?" Ta Byabato aliuliza.

"Kijiko kimoja hakitoshi. Labda ulimi wake leo haujaamka. Mimi naona... mimi naona bado."

"Imekomaa, Ishengoma," Immakulata alisema. Alikuwa na sauti nyepesi. "Nataka nusu yangu ijulikane kuwa ni yangu. Nataka kupanda vanila bila kumwomba mtu ruhusa."

"Dada, tungojee kidogo tu."

"Tungojee nini?"

Ishengoma alitazama watu, akatazama mlango wa chumba cha nyuma, akakaa chini.

Mchana huo huo Ta Byabato alipita katikati ya migomba akichomeka vijiti vya emilamula, mimea yetu ya mpaka, na nyuma yake wazee walishuhudia wakiwa na vibuyu. Nyumba iliangukia upande wa Immakulata. Ishengoma alipata upande wa kisima na kahawa nyingi. Pombe ilinywewa yote. Iliwafanya watu wawe wapole kupita kiasi. Walikuwa wakiombana radhi kwa mambo ambayo hayajatokea. Mfuga kuku, aliyekuja kutazama eneo lake, alipewa kikombe kimoja, akalala kwenye majani makavu ya migomba, na alipoamka alisema kuku wanaweza kufugwa hata Muleba mjini. Bashiri na Ashura waliondoka mapema ili wawahi magharibi, Bashiri akiwa amebeba mkungu wa ndizi aliopewa, midomo yake mikavu kabisa.

Jua lilipoanza kuteremka, Ishengoma alikuwa amesimama peke yake upande wake wa mpaka. Harufu ya matoke na maharage ilikuwa inatoka jikoni kwa dada yake. Alitazama vile vijiti vibichi, vifupi mno, hata kuku angevivuka bila kuinua mguu. Akasogea mpaka ncha za viatu zikavigusa, akasita. Halafu akaita, kwa mara ya kwanza maishani mwake mbele ya nyumba aliyozaliwa:

"Hodi?"

Immakulata akatoa kichwa mlangoni, mwiko mkononi, akamtazama kutoka juu hadi chini kama anayemwona mtu wa mbali.

"Subiri hapo hapo," alisema. "Nimpigie mgeni ufagio kwanza."

Na kweli akachukua ufagio, akaanza kufagia ua.