Jina la Tonya kwenye Maombi ya Randa

Mimi sikai mahali pamoja, ila mwaka ule Aprili ilinikuta bado nimeegesha gari langu la kulala nyuma ya nyumba ya Oleta, rafiki yangu wa siku nyingi, Kentucky mashariki, Marekani. Oleta alikuwa amemlea mjukuu wake, Randa, tangu akiwa mchanga. Randa alishakubaliwa chuoni. Kilichobaki ni msaada wa ada. Upo wa serikali kuu na upo wa jimbo, na huu wa jimbo huupata wanaowahi. Ukiisha, umeisha.

Maombi ya msaada yakarudishwa. Penye nafasi ya mzazi Oleta alijiandika yeye. Mshauri wa shuleni akasema kwa upole kwamba bibi si mzazi mbele ya serikali, mpaka mahakama iwe imemkabidhi mtoto. Sasa huku kwetu nani huenda mahakamani? Mama humshusha mtoto Ijumaa kwa bibi yake, na miaka hupita.

Oleta akabamiza mlango wa jokofu. "Na pumu yake alikesha nayo nani? Serikali?"

Ilibidi apatikane Tonya, mama mzazi wa Randa. Alikuwa kwenye kiwanda cha kuku, Tennessee, na simu zetu hapokei. Nikawasha gari, kwa safari mimi sibembelezwi.

Njia nzima Randa alifungua dirisha, akafunga, akafungua. Akaniuliza kama pesa za jimbo zitakuwa bado zipo. Nikasema sijui. Akaniambia, babu, hata uongo mdogo wa kumtuliza mtu huna.

Tulimkuta Tonya nje ya kiwanda, wakati wa mapumziko, na buti za mpira na wavu kichwani. Kusikia shida yetu akarudi nyuma. Alisema akitia sahihi atadaiwa yeye ada yote, na watu wa kodi watamwandama. Nikamweleza kuwa sahihi haimfungi kulipa hata senti. Wanataka kujua kipato chake tu, na kikiwa kidogo msaada ndio huongezeka.

"Wewe mzee unalala garini," akasema. "Nani kakufanya afisa elimu?"

Randa akampa simu yake, fomu ya maombi ikiwa wazi. Tonya akasoma polepole, akisukuma kwa kidole kilichokunjamana kwa maji, hadi akafika kwenye jina la Oleta.

"Mmeshanizika?"

"Ungepokea simu, mama, tungekuuliza."

Kengele ikalia, wenzake wakaanza kuingia. Tonya hakuondoka. Msimamizi akamwita; akamjibu bila kugeuka kwamba yuko na mtoto wake.

"Futa hilo," akamwambia Randa. "Niandike mimi."

Akafungua akaunti yake ya mzazi kwenye tovuti ya maombi pale pale, akakubali kodi zake ziangaliwe, akatia sahihi, simu ikiwa juu ya boneti ya gari langu. Kisha akakimbilia mlangoni. Nilikuwa nimeshashika ufunguo, lakini Randa akanishika mkono, akasema nisiwashe kwanza, mpaka mama yake aingie.

Jimbo lilifunga mlango wa msaada wiki iliyofuata, Randa akiwa ndani. Oleta aliuliza jambo moja tu: je, jina lake limeondolewa kabisa? Randa akasema ndiyo, bibi.

Oleta akageuza mkate wa mahindi kwenye kikaango. Akasema, "Haya. Mradi usome."