Konokono Hajaiva

Fundi wa mawe alikuwa na ulimi laini kuliko mawe aliyoyasugua. Mtaani walimwita Kesho, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilowapa wateja wote. Lakini mama mkwe wake alichoka na kesho. Alikuwa ameahidiwa bamba la marumaru la kuweka juu ya meza ya jikoni, na binti yake, mke wa Kesho, alishafungasha nguo akahamia kwa mama.

"Sirudi mpaka marumaru yafike," alisema.

Marumaru Kesho alikuwa nayo: bamba moja jeupe alilowaringishia wateja mlangoni mwa karakana. Kulitoa kulikuwa sawa na kung'oa jino zima. Basi akachagua jiwe la chokaa, akalipaka nta ya mshumaa, akalisugua mpaka likang'aa kama upara, akalipeleka ukweni.

Mama mkwe akatua sufuria ya chai ya moto juu yake. Alipoiinua, nta ilikuwa imeyeyuka, na katikati ya duara la kijivu konokono mdogo wa kale, aliyegeuka jiwe, aliwachungulia.

"Mkwe wangu," akauliza polepole, "na huyu mgeni?"

Kesho akajibu, "Mama, marumaru yote huanza kama chokaa. Huko chini ya ardhi milima huikandamiza, joto huipika, konokono wote hupotea, chokaa ikageuka marumaru. Hili, mama, lilichimbwa mapema kidogo."

"Kumbe bado bichi!"

"Kidogo tu, mama."

"Si neno. Makaa ninayo."

Wakalipeleka jiwe uani, wakalilaza juu ya matofali, jiko likasukumwa chini yake upande mmoja. Mama mkwe akalizunguka, akatikisa kichwa.

"Moto upo. Mlima ndio haupo. Panda, baba, ukae."

Nani hubishana na mama mkwe? Kesho akapanda, akakaa. Mkewe akapepea jiko kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha akipika wali.

"Ee mlima," mkewe akauliza, "huchukua muda gani kuiva?"

Joto lilikuwa limeshapata njia ya suruali. Kesho akasogea, akasogea tena, jiwe likaisha.

"Miaka milioni kadhaa," akanong'ona.

"Hakuna haraka," mama mkwe akasema, akiketi na kikombe chake. "Mkeo atakungoja hapahapa kwangu."

Kesho akaruka chini, akatoka mbio bila viatu. Jua halijazama, akarudi na mkokoteni, na juu yake lile bamba jeupe la mlangoni. Mama mkwe akatua sufuria ya moto juu yake, akaiinua, akainama akatazama. Hakuna duara. Hakuna mgeni.

"Miaka milioni imekwenda upesi," mke akasema, akachukua mfuko wake wa nguo.

Lile jiwe la konokono liko mlangoni kwa mama mpaka leo. Kesho akija kusalimia, kiti hapewi.

"Kaa hapo, baba," huambiwa. "Bado hajaiva."